Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kwa nini wavamizi kutoka angani hubadilika kila zama

Ukurasa huu umekusanya maswali yanayorudi kila mara watu wanapojadili filamu na riwaya za viumbe wanaoshuka kutoka angani kuiteka dunia. Tahadhari moja: miisho ya baadhi ya kazi inafichuliwa humu.

Hadithi ya viumbe wa angani inawezaje kuonyesha hofu za watu wa hapa duniani?

Hakuna mwandishi aliyewahi kukutana na kiumbe wa sayari nyingine. Akitakiwa kumpa sura, silaha na sababu ya kufunga safari, itambidi achote kwenye yale anayoyajua: vita alivyovisikia, maradhi yaliyopita mtaani, jirani asiyemwamini, serikali inayomtisha. Msomaji naye hutishika pale mgeni anapogusa jambo ambalo tayari lilikuwa likimnyima usingizi.

Mimi huacha kwanza habari za mikia na macho makubwa, nikauliza: wamefuata nini? Mwaka 1898, katika riwaya ya Mwingereza H. G. Wells, walifuata ardhi na damu. Mwaka 1956, katika filamu "Invasion of the Body Snatchers", walifuata nafsi za watu, sura za nje zikabaki vilevile. Mwaka 1983, katika tamthilia ya televisheni "V", walifuata maji na nyama ya binadamu huku wakitabasamu mbele ya kamera na kujiita marafiki. Mwaka 2009, katika filamu "District 9" ya Johannesburg, hawakufuata chochote, walikwama tu. Ukiyapanga majibu hayo kwa miaka unapata historia ya hofu ambayo hakuna aliyekaa chini kuiandika. Utaona pia jambo la pili, ambalo wachambuzi wengi hulipita haraka: mara nyingi mvamizi hufanya yaleyale ambayo watunzi wenyewe, au serikali zao, walikwisha kuwafanyia wengine. Hofu hapo imechanganyika na dhamiri inayosuta.

Zilianza lini?

Wageni wenyewe ni wa zamani. Voltaire alileta jitu kutoka nyota ya Sirius katika kisa chake cha mwaka 1752, lakini yule alikuja kutembea na kutushangaa. Uvamizi ulikuja baadaye, tena bila sayari yoyote. Mwaka 1871, muda mfupi baada ya majeshi ya Prussia kuishinda Ufaransa, afisa wa jeshi la Uingereza aitwaye George Chesney alichapisha kisa "The Battle of Dorking", ambamo jeshi linalozungumza Kijerumani linashuka kusini mwa Uingereza na kuiteka nchi. Kilisomwa mno, na visa vya kukiiga vikafuatana hadi vita vya 1914. Taifa lililotawala bahari za dunia lilikuwa na hamu ya ajabu ya kusoma jinsi litakavyotekwa.

Wakati huohuo kulikuwa na gumzo la sayari ya Mirihi. Mwanafalaki wa Italia, Giovanni Schiaparelli, aliripoti mwaka 1877 kwamba ameona mistari juu ya uso wake. Mmarekani tajiri Percival Lowell akajenga kituo cha darubini huko Flagstaff, Arizona, na mwaka 1895 akatoa kitabu akishikilia kwamba mistari ile ni mifereji ya umwagiliaji iliyochimbwa na viumbe ambao sayari yao inakauka. H. G. Wells aliyakuta mambo haya mawili mezani, jeshi linaloshuka ghafla na sayari yenye kiu, akayaunganisha.

Wells alikuwa anaogopa nini hasa? Wajerumani?

Hilo limo, lakini ni sehemu ndogo. "The War of the Worlds" ilitoka kwa vipande katika jarida mwaka 1897, ikawa kitabu mwaka 1898. Silinda za Wamirihi zinaanguka Surrey, jirani na mji wa Woking alikokuwa akiishi. Wells mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alikuwa akizunguka kwa baiskeli akichagua mahali na watu wa kuangamizwa na Wamirihi wake. Yaani aliwachoma moto majirani zake kwa furaha kabisa.

Kiini kiko katika sura ya kwanza. Kabla hata vita havijaanza, msimulizi anamwambia msomaji asiwahukumu Wamirihi kwa ukali mpaka akumbuke binadamu wamefanya nini: wamewamaliza wanyama kama ndege dodo, na wahamiaji kutoka Ulaya wamewafuta wenyeji wa Tasmania ndani ya miaka hamsini. Katika hilo la Tasmania Wells alikosea, kwa kuwa vizazi vya wenyeji wale vipo hadi leo, na lugha anayoitumia kuwaelezea ni ileile ya dharau ya Ulaya ya wakati wake. Hata hivyo hoja ilimfikia msomaji wa London: haya yanayokupata leo ndiyo mliyowafanyia wenzenu jana.

Ukiwa msomaji wa Afrika Mashariki, weka miaka sambamba. Mwaka 1894 Wajerumani waliivunja kwa mizinga ngome ya Mkwawa pale Kalenga. Tarehe 27 Agosti 1896, miezi kadhaa kabla kisa hiki kuanza kutoka jaridani, manowari za Uingereza zililipiga mabomu kasri la Sultani Zanzibar kwa dakika 40 hivi, kwa kuwa Khalid bin Barghash alikalia kiti bila idhini yao. Upande wa Zanzibar waliuawa na kujeruhiwa watu wapatao 500. Upande wa Uingereza aliumia baharia mmoja. Na Septemba 1898, kitabu kikiwa tayari madukani, wapiganaji wa Sudan zaidi ya 10,000 waliuawa kwa siku moja pale Omdurman, huku jeshi la Waingereza na Wamisri likipoteza watu wasiofika 50. Sisemi Wells aliiandikia Zanzibar. Yeye anaitaja Tasmania. Ninachosema ni kwamba mionzi ya moto ya Wamirihi, inayoteketeza kikosi kizima kabla hakijafyatua risasi, haikuhitaji ubunifu mkubwa. Bunduki za rashasha za Maxim zilikuwa zikifanya kazi hiyo kila mwaka, ila mbali na London.

Kisha kuna mwisho wake, ambao wengi huuona kama ujanja wa mwandishi aliyekwama. Wamirihi wanakufa kwa bakteria ambao miili yao haijawahi kukutana nao. Huku kwetu maradhi yalikwenda upande mwingine. Sotoka ilifika Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikamaliza ng'ombe wa wafugaji, ndui ikapita juu yake, na wakoloni wakawakuta watu walioishiwa nguvu. Malaria iliwaua Wazungu wengi, lakini haikuwafukuza. Wells aliwapa Waingereza kinga ambayo Wamasai hawakuipata.

Jambo moja la kuweka akilini kwa ajili ya swali la mumiani hapo chini: Wamirihi wa Wells hawali chakula. Hujitia mishipani damu ya binadamu aliye hai.

Wamarekani waliipokeaje?

Kwa kujibu mapigo. Mwaka 1898 gazeti moja la New York lilichapisha mwendelezo ambao Wells hakuuomba, ulioandikwa na Garrett P. Serviss, ambamo mvumbuzi Thomas Edison anaunda silaha na kuongoza safari ya kwenda kuipiga Mirihi. Mwaka huohuo Marekani iliingia vitani na Hispania ikatoka na Puerto Rico, Guam na Ufilipino. Mwingereza alikuwa na himaya akaogopa kuipoteza. Mmarekani alikuwa ndiyo kwanza anaitafuta yake.

Je, ni kweli mamilioni ya Wamarekani walikimbia nyumba zao mwaka 1938 kwa sababu ya mchezo wa redio?

Hapana, ingawa wapo walioshtuka kweli.

Jumapili usiku, tarehe 30 Oktoba 1938, kundi la Orson Welles, kijana wa miaka 23, lilirusha kisa cha Wells kupitia redio ya CBS kikiwa kimevishwa sura ya taarifa za habari zinazokatiza muziki. Wamirihi walihamishwa kutoka Surrey hadi Grover's Mill, New Jersey. Kesho yake magazeti yaliandika kwamba nchi nzima ilipagawa. Lakini uchunguzi wa simu uliofanywa usiku uleule na kampuni ya kupima wasikilizaji ulionyesha kwamba ni asilimia 2 hivi tu ya waliopigiwa waliokuwa wakisikiliza kipindi hicho. Wengi walikuwa kwenye kituo kingine wakimcheka mchekeshaji na mwanasesere wake. Magazeti yalikuwa na sababu zake za kukuza jambo: redio ilikuwa ikiyanyang'anya matangazo ya biashara, na hapa pamepatikana ushahidi kwamba redio haiaminiki.

Hao wachache walioshtuka ndio wenye maana kwetu. Mwezi mmoja nyuma, katika mgogoro wa Munich, Wamarekani walizoea kusikia vipindi vikikatizwa kwa habari za Hitler na Chekoslovakia. Mtafiti Hadley Cantril wa Princeton alipowahoji wasikilizaji, wapo waliomwambia kwamba hawakuamini habari za Mirihi hata kidogo. Walidhani ni Wajerumani. Msikilizaji aliyefungua redio katikati ya kipindi alisikia neno "adui" akajijazia mwenyewe jina lililobaki.

Na Ecuador? Nimesikia huko watu walikufa.

Ni kweli, na ni ajabu kwamba kisa hiki hakijulikani kama kile cha 1938. Tarehe 12 Februari 1949 Redio Quito ilirusha kisa hichohicho kwa Kihispania, kwa majina ya sehemu za Ecuador. Watu walitoka barabarani. Walipoambiwa ni mchezo, hofu iligeuka hasira. Umati ukalichoma moto jengo la gazeti la El Comercio, lililokuwa pia na kituo hicho cha redio, na watu kadhaa wakafa. Ecuador ilikuwa imevamiwa na jirani yake Peru mwaka 1941, ikalazimika kuachia ardhi kubwa kwa mkataba wa 1942. Ukilikumbuka hilo huoni tena kuwa Waecuador walikuwa wepesi wa kudanganyika.

Visahani virukavyo vilitoka wapi?

Tarehe 24 Juni 1947 rubani Kenneth Arnold alisema ameona vitu tisa ving'aavyo vikienda kasi karibu na mlima Rainier, jimbo la Washington, vikirukaruka kama kisahani kilichorushwa juu ya maji. Alikuwa akieleza mwendo. Magazeti yaliandika umbo, na tangu hapo watu wakaanza kuona maumbo ya visahani. Ilikuwa miaka miwili baada ya Hiroshima, na miaka miwili tu kabla ya Wasovieti kulipua bomu lao la kwanza la atomiki. Kila aliyetazama juu alikuwa na sababu ya kutazama.

"Invasion of the Body Snatchers" inapinga ukomunisti au inawapinga wapinga ukomunisti?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu langu ni kwamba filamu ya 1956 inafanya kazi vizuri kwa sababu haijibu.

Kisa, kwa wasiokijua: katika mji mdogo wa kubuni wa Santa Mira, California, watu wanaanza kulalamika kwa daktari kwamba mjomba si mjomba, mama si mama. Sura ni ileile, sauti ileile, kumbukumbu zote zipo, lakini kuna kitu kimetoka. Inagundulika kwamba maganda makubwa yaliyotokana na mbegu kutoka angani huotesha nakala ya mtu anapolala, na nakala hiyo haina upendo wala uchungu. Silaha pekee ni kutolala.

Upande wa kwanza wanasema: hao ni wakomunisti. Marekani ilikuwa imetoka katika vita vya Korea, ambako askari wake 21 waliokuwa mateka walikataa kurudi nyumbani, na magazeti yakajaa habari za watu kuoshwa akili. Jirani anayeonekana wa kawaida huku moyo wake uko Moscow: hiyo ndiyo jinamizi ya wakati ule. Upande wa pili wanasema kinyume: hao ni Wamarekani wenyewe, wanaofuata kundi. Februari 1950 Seneta Joseph McCarthy alidai ana orodha ya wakomunisti serikalini, na kwa miaka iliyofuata watu walipoteza kazi kwa kutajwa tu, Hollywood ikiwemo. Anayedai kila mtu afanane na mwenzake, asiulize, amtaje mwenzake, ni nani huyo kama si yule msaka wakomunisti? Jack Finney, mwandishi wa riwaya iliyozaa filamu, alikanusha kuwa na nia yoyote ya kisiasa. Simlaumu, lakini katika jambo hili mwandishi si shahidi wa mwisho.

Pande zote mbili zinakubaliana katika jambo moja: adui hana alama. Wamirihi wa Wells ungewaona kutoka maili tano. Huyu wa 1956 anakukaribisha chai.

Kisa hiki kimetengenezwa tena mara tatu, na ndiyo maana nakipenda kwa kufundishia. Toleo la 1978 liko San Francisco, mji mkubwa ambako tayari watu hawajuani. Rais Nixon alikuwa amejiuzulu mwaka 1974 kwa kashfa ya Watergate, na katika filamu hii kila simu unayoipigia serikali inapokelewa na mmoja wao. Lile la 1956 lilimalizika kwa habari kufika kwa polisi wa upelelezi, kwa sababu studio ilitaka mwisho wenye tumaini. Lile la 1978 linaisha shujaa mwenyewe akiwa amekwisha kugeuzwa. Toleo la 1993 liko ndani ya kambi ya jeshi, ambako kufanana ndiyo kazi yenyewe. Toleo la 2007, baada ya mlipuko wa ugonjwa wa SARS, halina maganda kabisa: ni maambukizi, yanakuja na chombo cha anga kilichovunjika na kusambazwa kwa matapishi. Ni filamu mbaya, ya nne kwa ubora kati ya nne, lakini kama kumbukumbu ya wakati wake ina thamani.

Nchi nyingine zilitunga wavamizi wa aina gani?

Japani ndiyo inayonivutia zaidi. Ukaliaji wa Marekani uliisha rasmi mwaka 1952 lakini kambi zake za kijeshi zilibaki. Mwaka 1957 mwongozaji Ishirō Honda alitoa filamu, inayojulikana kwa jina la Kiingereza "The Mysterians", ya wageni waliokimbia sayari iliyoangamizwa kwa vita vya nyuklia. Madai yao ni ya adabu kabisa: wanaomba kipande cha ardhi chenye nusu kipenyo cha kilomita 3, na ruhusa ya kuoa wanawake wa Kijapani. Mtazamaji wa Tokyo mwaka ule hakuhitaji maelezo.

Uingereza, BBC ilikuwa na tamthilia za Quatermass, mwanasayansi wa kubuni. Mfululizo wa tatu, uliorushwa kati ya Desemba 1958 na Januari 1959, unaeleza kwamba chuki ya binadamu dhidi ya wasiofanana naye ilipandikizwa na viumbe wa Mirihi zamani sana. Miezi michache kabla yake kulikuwa na ghasia za Notting Hill, ambako vijana wa Kizungu waliwashambulia wahamiaji kutoka Karibi. Ni njia ya ajabu ya kujisamehe, kusema chuki zetu zilitoka Mirihi, lakini angalau walikiri kwamba zipo. Daleki, maadui katika tamthilia ya BBC "Doctor Who", walioanza kuonekana Desemba 1963, ni Wanazi waliotiwa ndani ya makopo ya chuma.

Wasovieti kwa sehemu kubwa walikataa mchezo huu. Katika filamu "Aelita" ya 1924 ni Wasovieti wanaokwenda Mirihi, na mmoja wao anachochea mapinduzi huko. Ivan Yefremov, mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika kisa cha kumjibu Mmarekani Murray Leinster: jamii yenye uwezo wa kusafiri kati ya nyota, alishikilia, lazima iwe imekwisha kuvuka unyonyaji na vita, kwa hiyo haiwezi kuvamia. Nayo ilikuwa imani ya zama zake.

Uchina wa karne hii umekuja na jambo jipya. Riwaya ya Liu Cixin, iliyoanza kutoka jaridani mwaka 2006, inaanzia katika Mapinduzi ya Utamaduni: binti anamwona baba yake, profesa wa fizikia, akipigwa hadi kufa jukwaani. Miaka baadaye ndiye anayewaita wavamizi. Hofu hapa ni kwamba mtu aliyeumizwa vya kutosha atamfungulia mlango yeyote.

Je, nadharia hii haivutwi kupita kiasi?

Huvutwa, na sana. Chukua Juni 1982. Katika mwezi mmoja Wamarekani waliletewa "E.T.", yenye mgeni mpole aliyepotea, na "The Thing" ya John Carpenter, ambamo kiumbe anajificha ndani ya miili ya watu na hugunduliwa kwa kupima damu. Ya kwanza ilivunja rekodi za mapato; ya pili ilianguka. Ukitaka kusema mwaka 1982 Marekani ilikuwa na hofu, utaichukua ya pili. Ukitaka kusema ilitaka kubembelezwa, utaichukua ya kwanza. Wapo wanaosema "The Thing" inahusu UKIMWI kwa sababu ya ile damu. Lakini filamu ilikuwa imekwisha kupigwa kabla ugonjwa haujapewa jina hilo, Septemba 1982. Waliounganisha mambo hayo ni watazamaji wa baadaye.

Kipimo changu ni hiki: je, hofu hiyo ilikuwapo midomoni mwa watu kabla ya hadithi kutoka? Kama ndiyo, endelea. Kama uliipata kwa kurudi nyuma ukijua yaliyotokea baadaye, punguza sauti.

Kwa kipimo hicho "V" ya 1983 inapita bila shida. Kenneth Johnson alianza na wazo la ufashisti unaochipuka Marekani, kutokana na riwaya ya Sinclair Lewis ya 1935, na wageni wa angani waliingizwa baadaye ili kiuzike.

Filamu za baada ya Septemba 11 zina tofauti gani?

Linganisha mbili. Mwaka 1996, Vita Baridi vimeisha na Marekani haina mpinzani, "Independence Day" inalipua Ikulu ya Marekani na watu kumbini wanashangilia. Mwaka 2005 Steven Spielberg anarudia kisa cha Wells: baba anarudi nyumbani amefunikwa vumbi la watu waliosagika, kuta zimebandikwa picha za waliopotea, na mtoto anauliza kama hao ni magaidi. Hakuna anayeshangilia. Majengo yaliyoporomoka New York mwaka 2001 yalikuwa yamewaonyesha watengeneza filamu vumbi hilo lina rangi gani.

Kwa nini "District 9" inatajwa kila mara?

Kwa sababu iligeuza meza. Neill Blomkamp, mzaliwa wa Johannesburg, aliweka chombo cha angani juu ya jiji hilo mwaka 1982, kimejaa wageni wenye njaa wasio na kiongozi. Wanatiwa kambini, kambi inageuka kitongoji cha mabati, na wenyeji wanawaita kamba, wale wa baharini. Filamu inaanza siku ya kuwahamisha: karani wa kampuni, Wikus van de Merwe, anapita mlango kwa mlango na karatasi za kutia saini, ili uhamisho uonekane umefuata sheria.

Jina linaelekeza District Six ya Cape Town, iliyotangazwa mwaka 1966 kuwa eneo la Wazungu peke yao. Zaidi ya watu 60,000 waliondolewa. Lakini ukiishia kwenye ubaguzi wa rangi wa makaburu umeona nusu. Katika filamu fupi iliyoitangulia, Blomkamp aliwahoji watu halisi wa mitaani, na waliposema "wanatuharibia maisha" walikuwa wanawazungumzia wahamiaji wa Kiafrika. Mei 2008 ghasia dhidi ya wageni ziliua watu 62 nchini humo, na mwaka huohuo filamu ilikuwa ikipigwa Chiawelo, Soweto. Msomalia mwenye duka au Mkongo anayelinda magari huko hahitaji kuambiwa kamba ni nani.

Filamu yenyewe haikutoka salama. Inawaonyesha Wanigeria kama genge la majambazi wanaokula nyama ya wageni ili wapate nguvu zao, na mkuu wao ana jina linalokaribiana mno na la rais mstaafu Obasanjo. Waziri wa habari wa Nigeria, Dora Akunyili, alitaka isionyeshwe nchini mwake. Alikuwa na haki ya kukasirika: filamu inayolaani chuki dhidi ya wageni ilichagua taifa moja la kulichukia. Jibu zuri zaidi lilikuja mwaka 2014, pale Nnedi Okorafor alipotoa riwaya "Lagoon", iliyochochewa na hasira hiyo, ambamo wageni wanashukia Lagos, ufukweni Bar Beach, na samaki ndio wanaofaidi kwanza.

Na sisi Waswahili hatuna hadithi za aina hii?

Tunazo, ila hazikuhitaji sayari. Wakati wa ukoloni, kuanzia pwani hadi Nairobi, Kampala na Katanga, watu walisimuliana habari za wanaokamata watu usiku na kuwanyonya damu kwa ajili ya Wazungu. Pwani na Tanganyika walikuwa mumiani. Nairobi na Kampala walikuwa wazimamoto, wenye magari mekundu na mashimo ya kuwafungia watu. Katanga walikuwa batumbula. Mwanahistoria Luise White alizikusanya simulizi hizi katika kitabu cha mwaka 2000, na hoja yake ni kwamba kuuliza kama zilikuwa za kweli ni kuanza vibaya. Zilieleza kwa usahihi mambo ambayo ripoti za serikali hazikuyaeleza: wageni wenye vifaa visivyojulikana, wanaochukua damu kwa sindano bila kusema ya nini, na Waafrika wenzetu waliovaa sare zao.

Sasa rudi kwa Wells. Mwingereza aliyejaribu kufikiria ukoloni ukimgeukia yeye alitunga viumbe wenye mashine wanaojitia damu ya watu. Mswahili aliyekuwa upande mwingine wa ukoloni huohuo, bila kumsoma Wells, alifikia picha hiyohiyo.

Popobawa, pepo wa visiwani, ni wa karibu zaidi. Kishindo chake kikubwa kilianzia Pemba mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi ya 1964, kikaenea Unguja. Watu walilala nje makundi kwa makundi, kwa kuwa alisemekana kumvamia mtu akiwa usingizini ndani. Wapo wanaokataa kabisa kuihusisha na siasa, na sina haja ya kubishana nao. Lakini mwaka ni huo.

Kwa nini wageni hutua Marekani siku zote?

Kwa sababu huko ndiko ziliko fedha za kutengeneza filamu.

Nianze na ipi?

Tazama "Invasion of the Body Snatchers" ya 1956, kisha ya 1978 siku inayofuata, ukiwa bado unakumbuka ya kwanza. Halafu "District 9". Kitabu cha Wells kisome wakati wowote. Haki miliki yake imekwisha na kinapatikana bure mtandaoni kwa Kiingereza. Walio na watoto wadogo waanze na "E.T." na waiache ya 1978 kwa miaka michache, maana ukelele wa mwisho ule huwarudia watoto usiku.